Kukimbizana na Mwezi hadi Mkwiro

Basi nyamazeni niseme. Tangu nirudi hakuna hata mmoja wenu pale barazani aliyenisalimu salamu iliyokamilika. Kila mtu ni "Enhe, ilikuwaje?" kabla sijavua viatu. Nimesimulia vipande vipande mpaka vipande vyenyewe vimeanza kugombana: mmoja amesikia habari ya mbuzi, mwingine ya darubini, na Salimu amekwenda kumwambia mkewe kwamba nilipigwa na mkwe. Sikupigwa! Nimeamua kuandika yote mara moja, msome kwa zamu, kisha mniache ninywe kahawa yangu kwa amani.

Asiyejua kisa na ajue. Mwaka jana nilikwenda harusini Mkwiro, kule ncha ya mashariki ya kisiwa cha Wasini, nikamwona Mwanahamisi binti Shee. Kumwona si neno. Neno ni kwamba alinisimamisha penye kisima mbele ya wenzake akaniuliza, "Wewe ndiye yule wa hadithi za redioni? Mbona mtu wako ulimtembeza juu ya mwezi bila viatu? Hakuungua miguu?" Naandika hadithi za vyombo vya angani tangu bendera ya Mwingereza haijashuka, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza habari za miguu. Nilirudi Mombasa nimekwisha.

Posa ikapelekwa. Baba yake, Mzee Shee, ndiye mkubwa wa msikiti wa Mkwiro, na jawabu lake lilikuja kavu: "Huyo anayepata riziki yake kwa kusema mambo yasiyokuwapo? Mwongo wa redio?" Tena palikuwa na mwenye duka wa Vanga, naye ameposa. Watu wakambembeleza mzee, mwisho akaweka mpaka. Wa Vanga atapewa jawabu mwezi wa Idi ukiandama. Mimi nikifika Mkwiro na mzee wangu kabla ya mwezi kuandama, nitasikilizwa. Ukiandama sijafika, mlango umefungwa.

Mzee wangu ni Mjomba Bakari, aliyenilea kijijini Bongwe, maana kwetu kijana hajiposei. Na Mjomba Bakari alikuwa Lamu kwa mambo yake. Akarudi lini? Alfajiri ya siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani. Yaani jioni ile ile watu wa pwani yote wangekuwa wameinua shingo kuutafuta mwezi.

Likoni

Tulifika feri asubuhi, mjomba na kanzu yake ya posa mkobani, mimi na darubini yangu nimeiviringishia kanga. Mnaijua, ile ya shaba inayovutika, niliyoinunua kwa baharia aliyekuwa anarudi kwao. Hakuna kitu nikipendacho kama kile, na ndiyo maana niliamua kiwe zawadi ya mkwe.

Mjomba aliitazama akatikisa kichwa. "Watu hupeleka kilemba, wewe wapeleka bomba."

"Si bomba, mjomba, ni darubini. Huleta vya mbali karibu."

"Basi itazame Mkwiro ije hapa, tusisumbuke."

Tukacheka, tukiwa bado na raha. Raha ilikwisha tulipoona kilichokuwa mbele yetu. Lori moja lilikuwa limebeba tao la mbao la sherehe za Jamhuri, limepakwa rangi za bendera na ngao katikati, linapelekwa Kwale. Lilipojaribu kuingia ferini, lile tao likakwama kwenye nguzo. Halikuenda mbele wala nyuma. Mtu mmoja akasema likatwe kwa msumeno. Mwingine akauliza kwa sauti, "Nani atakayeikata ngao ya Jamhuri? Wewe? Jina lako nani?" Yule wa msumeno akapotelea kwenye umati. Basi tukasimama juani, feri nzima, tunalitazama tao.

Pale ndipo nilipojifunza jambo kuhusu kazi yangu. Katika hadithi zangu mtu hupanda chombo Kilindini ukurasa wa kwanza, na ukurasa wa nne yuko mwezini anatafuta pa kuketi. Sijapata kumweka kwenye foleni hata mara moja. Hakuna aliyemwambia angoje kidogo, kuna tao limekwama. Watu hudhani uongo wangu umo katika kile chombo cha angani, lakini mwaka huu watu wamekanyaga mwezi kweli, kwa hiyo chombo si uongo tena. Uongo wangu umo katika kufika upesi. Nilimwambia mjomba hivyo, akasema, "Kawia ufike."

"Mimi nikikawia, mjomba, nimekosa mke."

Hatimaye walilifungua kamba, wakalilaza chali, tukavuka.

Likoni hadi Mwabungo

Basi tulilopanda lilikuwa na injini yenye kikohozi. Kwenye kiti cha mbele yetu alikaa bibi mmoja wa Kidigo, mkavu, mchangamfu, na kikapu cha mihogo ya futari miguuni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na papo hapo akataka kujua kilichomo ndani ya kanga.

Nilipomwambia ni chombo cha kutazamia mwezi, akageuka mzimamzima. "Hao Wazungu waliokwenda huko juu, ni kweli?"

"Ni kweli, bibi."

"Na Mwislamu naye aweza kwenda?"

"Kwa nini asiweze? Siku moja atakwenda."

"Haya. Akiwa huko, na Ramadhani imemkuta, ataufungia mwezi upi? Ataufungulia upi? Kwani yeye si yuko juu yake?"

Wallahi, basi zima liligeuka kumtazama, hata injini nadhani ilipunguza kukohoa. Nilitaka kusimama nimbusu bibi yule mkono. Mimi nimekaa miaka na miaka nawajengea watu miji huko mwezini, nimewapa maji, nimewapa taa, nimewapa hata reli, na sikuwahi kujiuliza watafunguaje! Abiria wakaanza kubishana. Mmoja akasema ataitazama dunia, maana ukiwa kule, dunia ndiyo mwezi. Mwingine akasema hapana, atasubiri habari kwa redio kutoka Mombasa. Wa tatu akauliza kibla kitakuwa wapi, chini ya miguu? Kitabu kizima kilikuwa kinajiandika ndani ya basi la Ukunda.

Mjomba Bakari, aliyekuwa kafumba macho, akafumbua moja. "Kufunga si lazima kwa msafiri. Wa mwezini ni msafiri. Suala limekwisha."

Watu wakaangua kicheko. Mimi nikamwinamia. "Na sisi je, mjomba? Si wasafiri? Mbona umenikataza hata maji?"

"Sisi twaenda kwa mkwe," akajibu, akafumba tena.

Tulipita Ukunda palipopambwa vibendera, tukafika Mwabungo, na hapo rejeta ikachemka. Mvuke ukajaa mpaka kwetu. Kondakta akashuka na debe kutafuta maji, akatuambia ni kitambo kidogo tu.

Mwabungo hadi Msambweni

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mnapomlaumu mjomba wangu na mimi namtetea. Nyumba iliyokuwa karibu na barabara ilikuwa ya mtu aliyetahiriwa pamoja na mjomba. Mtu wa namna hiyo humpiti mlangoni bila kumsalimu. Ukipita, umemvunjia heshima yeye na waliokwisha kufa. Mjomba akaenda kusalimu. Nami nikamfuata, ili nimharakishe.

Hujambo, sijambo. Nyumbani hawajambo? Watoto? Yule aliyevunjika mguu? Mguu ulipona, lakini mwenyewe amefariki kwa jambo jingine. Inna lillahi. Ikabidi tuketi, tumsomee fatiha. Tulipoinua nyuso kutoka kwenye dua, nikasikia kikohozi cha injini, kisha nikakisikia kikienda mbali, mbali zaidi.

Nilitoka mbio. Vumbi tu! Nikasimama katikati ya barabara, darubini kwapani, nikapiga kelele ambazo mtu aliyefunga hapaswi kupiga. Mjomba akaja taratibu, akipangusa mikono.

"Limekwenda?"

"Limekwenda, mjomba! Na mke wangu amekwenda nalo!"

"Huyo si mkeo bado. Tulia. Subira yavuta heri."

Heri ilikuja juu ya lori la mbuzi. Dereva wake, mwenyewe mwenye mbuzi, aliitwa Musyoka, Mkamba aliyepewa shamba huko juu kwenye makazi ya Shimba Hills, na alikuwa anapeleka mbuzi Msambweni kuwauzia watu kwa ajili ya Idi. Akatupakia mbele, ubavuni kwake. Mara akatoa mkungu wa ndizi mbivu chini ya kiti.

"Kuleni, wazee. Ni za shamba yangu."

Mjomba akasema ahsante, hapana. Musyoka akaendesha kidogo. "Kuleni tu, usiogope." Nikasema ahsante, ndugu yangu, sisi hatuwezi. Akakaza macho barabarani. Mwisho akasema, "Najua watu ya huku. Wanafikiri Mkamba ametia dawa kwa chakula."

Ala! Tukamwambia mbio mbio, mimi na mjomba kwa pamoja, si hivyo, haki ya Mungu, ni saumu, hatuli mpaka jua litue. Akatuangalia mmoja mmoja. "Hata maji?" Hata maji. "Na jua hii?" Na jua hili. Akapiga usukani kwa kiganja akacheka mpaka machozi. "Mimi nilikuwa nimekasirika, karibu niwashushe!" Akazirudisha ndizi, naye, jambo lililonigusa sana, hakula hata moja njia nzima.

Nikamweleza habari zangu zote: mwezi, mzee, wa Vanga, mlango. Alisikiliza kwa makini.

"Lakini hiyo mwezi si ni ile ile ya kila siku?"

"Ni ule ule, lakini lazima uonekane."

"Na ikionekana leo, wewe umeachwa. Isipoonekana, unapata bibi."

"Nikifika."

"Basi shika mlango," akasema, akakanyaga mafuta, mbuzi wote wakalia nyuma.

Msambweni

Laiti angekanyaga mafuta akapita moja kwa moja! Lakini mbuzi walikuwa wa Msambweni, na tuliposimama sokoni watu walilizunguka lori pande zote. Musyoka, kwa nia njema kabisa, alitaka tupewe njia haraka. Akasimama juu ya ngazi ya lori akatangaza, "Wacheni hii mzee ipite! Hii ni mtu ya mwezi! Iko na chombo!"

Mnaweza kudhani kilichofuata. Kufumba na kufumbua nilikuwa nimepata cheo. Mmoja akasema nimetumwa na Kadhi. Mwingine akasema, hapana, nimetumwa na serikali, mwezi sasa ni wa serikali kama bandari. Mzee mmoja mwenye kofia ya vito akanishika mkono kwa adabu kubwa. "Bwana, mwaka jana Msambweni tuligawanyika, nusu ya mji wakala, nusu wakafunga. Baba na mwanawe hawakusalimiana siku ya Idi. Kaa hapa utuonee mwezi, tusiaibike tena."

Nikasema mimi si mtu wa serikali, ni mtungaji wa hadithi. Wakacheka, wakaona ni unyenyekevu. Wakaniletea mkeka. Wakanionyesha pale nitakapofuturia, wakanitajia hata vyakula: kaimati, tambi, mbaazi za nazi, samaki wa kupaka. Na mimi tumbo limeshikana na mgongo! Jua nalo linateremka. Nilimtazama mjomba aniokoe, na mjomba, kama kawaida, alikuwa anamsalimu mtu.

Kilichotuokoa ni ukweli. Mjomba aliposikia yanayonipata, alimwendea yule mzee, akamnong'oneza kwamba kijana huyu anakwenda kuposa, na mpaka wake ni mwezi huu huu. Yule mzee akanitazama upya, akaachia mkono wangu kama aliyeungua. "Subhanallah! Mpisheni! Mpisheni bwana harusi!" Umati ule ule ulioniziba ndio uliosukuma lori lilipogoma kuwaka. Wanawake walipiga vigelegele. Nilikuwa sijaoa, sijakubaliwa, na Msambweni wameshanipigia vigelegele vyangu.

Musyoka hakuwa na haja ya kwenda Shimoni. Mbuzi walikuwa wamebaki wachache. "Nitauza huko," akasema bila kunitazama, nami nikajua hakuna mbuzi hata mmoja aliyekuwa akimpeleka Shimoni.

Shimoni

Tulipita Ramisi, tukaiacha barabara kubwa, na jua likatua tukiwa tunaingia Shimoni. Tulifungua ndani ya lori, kwa tende ya mjomba na asali ya Musyoka kutoka kwenye chupa. Nimekula futari nyingi maishani lakini ile asali sitaisahau.

Ufukweni palikuwa na mashua ya Mkwiro, nahodha wake ameketi. "Twakwenda," akasema, "lakini si kabla ya mwezi kutazamwa. Nimetumwa nirudi na habari." Nikauliza kule Mkwiro wenyewe hawatazami? Akaonyesha kwa kidevu: upande wote wa kisiwa ulikuwa umefunikwa na wingu zito la mvua za vuli. Hawangeona hata taa.

Basi nikaelewa hali yangu. Wingu likitanda na huku, mwezi hauonekani, Ramadhani inakamilisha thelathini, navuka nimefika kwa wakati. Likifunguka, nimekwisha, na ng'ambo ya bahari naiona kwa macho! Watu wa Shimoni walikuwa wamesimama penye mwinuko wa matumbawe wakitazama magharibi, wazee kwa watoto, wanaomba mwezi utoke. Mimi peke yangu naomba mawingu. Mimi! Mimi niliyeupenda mwezi tangu utoto, ninayekula kwa ajili yake, nilisimama pale nikiusihi usijitokeze.

"Bwana ana chombo," mtu akasema. "Tutazamie, bwana."

Nikaifungua darubini polepole. Nikaiegemeza juu ya bega la mjomba, nikapitisha jicho kwenye wingu, wingu, wingu, nikaanza kupata raha. Kisha pakapasuka ufa mdogo, kusini kidogo ya pale jua lilipozama. Na ndani ya ufa, ulikuwapo. Mwembamba kama ukucha uliokatwa sasa hivi, umelala chali, mzuri kupita vyote nilivyopata kuandika.

Nikakaa kimya. Sitawaficha, nilikaa kimya. Sikuondoa jicho kwenye kioo, na mjomba akahisi darubini imeganda begani.

"Waona nini?"

Nilimpa darubini tu. Akatazama kitambo kirefu, akaiteremsha, akatazama tena pale pale kwa macho yake matupu. Kisha akanigeukia. Nami nikatazama kwa macho matupu. Ulionekana.

"Wajua tukisema, tumejifungia mlango," akaniambia kwa sauti ya chini.

"Najua."

Musyoka alikuwa nyuma yetu, amesikia yote. Akanivuta shati. "Si unyamaze tu? Mimi sisemi kitu. Ni kesho tu wataona."

"Ndugu yangu, kesho ni Idi. Siku ya Idi haifungwi, ni haramu. Mji mzima ufunge siku ya haramu kwa ajili ya harusi yangu? Nitakula pilau gani hiyo ikanishuka?"

Nikasema kwa nguvu, mjomba naye akasema pamoja nami: "Mwezi! Mwezi umeandama!" Ufa ukafumba. Hakuna mwingine aliyewahi kuuona.

Mwalimu wa msikiti akatuhoji palepale, maana mwezi wa Idi huhitaji mashahidi wawili. "Mmeona kwa jicho au kwa chombo?" Mjomba akajibu, "Chombo kilituonyesha pa kutazama. Jicho ndilo lililoona." Akatuapisha, akakubali, takbiri ikapaa Shimoni nzima. Watu walikumbatiana. Mimi nikaketi juu ya jiwe.

Nikafikiri safari imekwisha, nirudi na Musyoka. Lakini yule nahodha akaja mbele yetu. "Haya, twendeni."

"Sisi? Chukua habari uende nayo."

"Mzee Shee hapokei mwezi wa kuambiwa. Mwaka mmoja Mkwiro ilikula Idi kwa maneno ya watu, kumbe mwezi haukuonwa na mtu, wakalipa siku. Tangu hapo hataki habari, ataka mashahidi wenyewe, wasimame mbele yake. Bila nyinyi, Mkwiro yote itafunga kesho."

Lahaula! Yaani nipeleke mwenyewe, kwa miguu yangu, habari ya kuachwa kwangu! Mjomba akatoa kanzu ya posa mkobani, akaivaa. Nikamuuliza ya nini sasa. "Kwa mkwe au kwa asiye mkwe, mtu haendi na kikoi," akasema. Musyoka naye akashusha mbuzi mmoja, akamtia mashuani bila kuuliza mtu. "Hiyo peleka. Mtu haendi mkono tupu." Na hiyo ndiyo habari ya mbuzi.

Mkwiro

Tuliwakuta wametoka kusali isha, wanajipanga kwa tarawehe, maana kwao ilikuwa bado Ramadhani. Nyumba ya Mzee Shee iko ubavuni mwa msikiti, ina baraza, na dirisha la baraza lina pazia. Mzee mwenyewe ni mrefu, ana ndevu fupi nyeupe. Tulipofika, wanaume wote walimfuata hapo, na mjomba akafungua kinywa.

Mzee Shee akainua mkono. "Mgeni hasemi amesimama. Ketini kwanza."

Tukaketi. Ikaletwa kahawa na mkate wa kumimina. Tukanywa, tukaulizwa habari za safari, za bahari, za wazazi, na za mbuzi aliyekuwa ananitafuna upindo wa shati. Kikombe kilipokuwa kitupu, ndipo mzee aliposema, "Haya. Mmekuja na nini?"

"Tumekuja na ushahidi," akasema mjomba. "Mwezi umeandama. Tumeuona wawili."

"Nani aliyeuona kwanza?"

"Mpwa wangu huyu."

"Huyu wa redio?" Watu wakacheka chini chini. Mzee hakucheka. Akanigeukia. "Kijana, kazi yako si kusema mambo yasiyokuwapo?"

"Ndiyo, mzee. Lakini yasiyokuwapo siyaapii."

"Wajua ukishuhudia mwezi huu, unashuhudia nini tena?"

"Najua. Nashuhudia kwamba mlango wangu umefungwa."

"Na bado washuhudia?"

"Nashuhudia."

Akawageukia wanaume. "Mwongo huongopa ili apate. Sijamwona aongopaye ili akose. Nimeupokea mwezi. Kesho Idi."

Takbiri! Watoto wakatoka mbio, madebe yakaanza kupigwa. Na katikati ya furaha ile mzee akaniambia kwa upole, jambo lililoniumiza kuliko ukali, "Ama hilo lako, baba, neno langu ni neno. Mwezi umeandama."

Nikasema sawa, mzee.

"Baba," sauti ikatoka nyuma ya pazia.

Niliitambua papo hapo. Ni ile ile ya kisimani.

"Mwanahamisi, wanaume wanazungumza."

"Najua, baba. Nina swali la dini tu."

Watu wakatabasamu. "Uliza," akasema mzee.

"Mwezi wa Mkwiro umeandama saa ngapi?"

"Hukusikia? Nimeupokea sasa hivi."

"Si ulipoonekana Shimoni?"

"Wa Shimoni ni wa Shimoni. Miaka yote nasema, hapa mwezi ni wa shahidi aliye mbele yangu, si..." Akajishika ndevu.

"Basi baba, wageni walipokuwa wanakunywa kahawa yako, ilikuwa mwezi gani?"

Mtu mmoja huko nyuma, Mungu amzidishie, akasema kwa sauti kubwa, "Ramadhani!" Baraza zima likavunjika kwa kicheko.

Mzee Shee akatazama pazia, akamtazama mjomba. "Nani amemfundisha binti huyu kubishana hivi?"

"Si wewe, mzee?" akasema mjomba.

Nikaona niitoe zawadi kabla sijalia mbele za watu. Nikamkabidhi darubini. Akasimama, akaielekeza magharibi, ambako wingu sasa lilikuwa limeondoka na nyota zimejaa. Akatafuta, akatafuta.

"Sioni kitu."

"Umekwisha tua, mzee."

"Kwa hiyo nimekuamini tu."

"Ndiyo, mzee."

Aliikunja ile darubini, akaiweka mapajani mwake, asinirudishie. "Bwana Bakari," akamwambia mjomba, "sema ulilokuja kusema. Nasikiliza."

Ndiyo hivyo. Wa Vanga alipewa jawabu kwa heshima, mbuzi wa Musyoka aliliwa siku ya Idi, na harusi ni mfungo pili, inshallah. Musyoka amealikwa, na yule bibi wa basi nikimpata ataketi mbele. Nyinyi nanyi tokeni mapema, msije mkaniambia kuna tao.

Lakini hamjaniuliza kama nilizungumza naye. Sikuzungumza. Asubuhi ya Idi mamake aliniletea bakuli la tambi, akaliweka mbele yangu, akasema huku anacheka, "Kuna mtu ndani auliza, yule mtu wako wa mwezini bado yu pekupeku?"

Jana niliketi mezani kuandika hadithi kwa mara ya kwanza tangu nirudi. Sikuandika habari za chombo, wala za reli. Nimemvisha viatu kwanza.